Sehemu ya 14: Wagonjwa wawili wasio na sauti

Wiki iliyopita niliahidi tutaongea kuhusu antibayotiki majumbani. Tutafika huko, ila leo nitapitia njia ndefu kidogo, njia ya maji ya chumvi. Wengi mmeniuliza ile taa ya samawati inayoonekana nyuma yangu kwenye video ni ya nini. Ni ya tangi la samaki wa baharini la baba watoto. Na mwezi wa pili mwaka huu tangi hilo lilituletea wagonjwa wawili walionihangaisha kuliko wodi nzima.

Wagonjwa wenyewe walikuwa anemoni wa baharini. Kwa mliokulia pwani kama mimi, mnawajua hata kama hamjui jina. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ukitembea mwambani nyuma ya kina mama wanaotafuta pweza, utaona dimbwini kitu kama ua, kina minyiri mingi inayocheza na maji. Ukikigusa kinakunata kidoleni. Sisi tuliambiwa tu, "Achana nacho, kitakuwasha," tukapita.

Basi kile si ua wala si mmea. Ni mnyama, jamaa wa yavuyavu na matumbawe. Hana mfupa, hana ubongo, hana macho, hana damu. Ana mdomo mmoja katikati, na mdomo huohuo ndio wa kulia na ndio wa kutolea uchafu. Kijana wangu wa miaka sita alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Ndani ya ngozi ya hao wa nchi za joto mnaishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo inayompa rangi yake ya kahawia au kijani. Na yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto wote wanamwita Nemo tangu ile filamu ya katuni ya mwaka 2003, kwake ni katikati ya minyiri ya anemoni. Wengine inawachoma, yeye haimdhuru.

Sasa, huku Uingereza tunakoishi kuna duka la samaki karibu na mji wetu. Mwenye duka anamjua baba watoto, anajua ni mtu wa subira na tangi lake lina zaidi ya miaka miwili. Siku moja akampigia simu: ameletewa mzigo, ndani kuna anemoni wawili waliofika hoi, mteja wa kawaida hawezi kuuziwa. Akitaka, awachukue kwa bei ya mmoja, ila ajue wanaweza kufa. Baba watoto akaenda. Aliporudi na lile boksi nikaona kibandiko ubavuni: Kenya.

Niliguna tu. Pwani yetu inauza nje samaki na viumbe vya mapambo, hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia. Lakini kukutana nao sebuleni, nje baridi ya nyuzi mbili, ni jambo lingine. Nikampigia mama yangu kwa video nimwonyeshe. Akatazama, akasogeza simu karibu na uso, akasema, "Yaani mwanangu, mmesafiri kote huko kwenda kununua vitu vya hapa mwambani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mama, ni wagonjwa." Hapo akabadilika. "Basi wauguze. Si ndiyo kazi yako?"

Haya. Anemoni mgonjwa unamjuaje? Hana kilio, hana homa, hana mkono wa kumshika mapigo. Mwenye afya mdomo wake umefumba, minyiri imejaa maji, rangi imekolea, na unyayo wake umeng'ang'ania jiwe kiasi kwamba huwezi kumbandua bila kumchana. Kumbukeni pia, kusinyaa mara moja moja ni kawaida. Anajikamua, anatoa uchafu, anajaza maji mapya, baada ya saa chache yuko vizuri. Mgonjwa ni yule anayesinyaa na kujaa, kusinyaa na kujaa, mara nyingi kwa siku, mdomo uko wazi kama mtu anayetafuta pumzi, na hashiki popote, unamkuta anabiringika na mkondo wa maji. Wetu wote wawili walikuwa hivyo. Wamepauka, mmoja mweupe karibu kama karatasi. Maana yake ile mimea ya ndani alikuwa ameipoteza, kwa hiyo njaa ilikuwa juu ya ugonjwa.

Kijana wangu akawapa majina palepale. Mkubwa na Mdogo.

Hatukuwatia kwenye tangi kubwa. Hili ni somo la kwanza la wodini, na mama yeyote mwenye watoto wawili na tetekuwanga analijua: mgonjwa mpya anakaa peke yake mpaka ueleweke ugonjwa. Tena anemoni akifa kwenye maji huoza haraka sana, na uozo ule unachafua maji kiasi cha kuua kila kilichomo. Tukaandaa tangi dogo la lita arobaini jikoni: hita, pampu ndogo iliyofunikwa sifongo asije akanyonywa, na taa. Bila mchanga wala mawe mengi, ili niweze kuona kila kitu. Chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 mpaka 26. Maji ya nyumbani kwao, ukipenda kuyaita hivyo.

Kisha nikabandika chati kwenye mlango wa friji. Baba watoto alicheka, lakini ndani ya siku mbili yeye ndiye alikuwa mkali wa chati kuliko mimi. Saa, joto, chumvi, mdomo umefumba au uko wazi, minyiri imejaa au imelegea, unyayo umeshika au haujashika. Mara tatu kwa siku, saa zilezile. Mimi nafanya zamu za saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo tulikuwa tunakabidhiana asubuhi jikoni kama wodini. "Mkubwa mdomo wazi tangu saa tano usiku. Mdogo alijaa kwa saa mbili, akasinyaa." Bila chati mtu anasema "naona kama anaendelea vizuri" kwa sababu anatamani iwe hivyo. Karatasi haina huruma, ndiyo maana inasaidia.

Siku ya pili ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Wafugaji wa anemoni wana dawa wanayoitumia kwa miaka sasa kwa wagonjwa wa namna hii, na dawa hiyo ni ciprofloxacin. Ndiyo, hiyohiyo ya binadamu, ile ambayo nyumbani watu wanainunua vidonge vinne vinne kwenye duka la dawa wakiumwa tumbo. Anemoni anayesafirishwa akiwa amechubuka na amechoka huvamiwa na bakteria, na dawa hii imeokoa wengi. Rafiki wa baba watoto, naye mfugaji, aliposikia kazi yangu akafurahi kabisa. "Si mkeo yuko hospitali? Vidonge viwili vitatu tu, nani atajua?"

Baba watoto hakunishinikiza. Alinitazama tu. Na kijana wangu alikuwa amesimama pale, akauliza, "Mama, dawa iko kazini kwako?"

Jamani, nilisema hapana, na ile hapana haikuwa rahisi. Kabati la dawa la wodi ni la wagonjwa wa wodi. Kidonge kimoja kikitoka bila jina la mgonjwa ni wizi, na leseni yangu niliyoisotea, diploma miaka mitatu na mitihani ya kuja huku, inaondoka nacho. Lakini hata bila leseni, kuna sababu nyingine. Huku antibayotiki ya mnyama, hata awe samaki, haitolewi bila cheti cha daktari wa wanyama. Sheria hiyo ipo kwa sababu bakteria hawajui mpaka kati ya tangi na binadamu. Dawa ikitumiwa ovyo, wale wanaobaki hai ni wale walioizoea, na watatukuta siku nyingine kwenye kidonda au kwenye mkojo wa mtu. Ciprofloxacin yenyewe si ya mchezo: Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliagiza dawa za kundi lake zitumike pale tu nyingine zinapokuwa hazifai, kwa sababu zinaweza kuacha madhara ya muda mrefu kwenye kano, misuli na neva.

Nikamjibu mtoto, "Iko, lakini ni ya wagonjwa wa pale. Sisi tutamtafutia Mkubwa daktari wake."

Tukapiga simu kliniki tatu. Mbili walidhani tunatania. Ya tatu kulikuwa na daktari anayeshughulika na samaki, akasema lazima awaone. Basi fikirieni baba watoto kwenye chumba cha kusubiri, katikati ya mbwa na paka, amebeba ndoo yenye kifuniko na kipimajoto. Daktari aliwaangalia kwa muda mrefu, akasoma chati yetu yote, akasema ukweli: mmoja hali ni mbaya, mwingine ana nafasi, hakuna ahadi. Akaandika dawa, kipimo na idadi ya siku. Kipimo hicho sitakiandika hapa hata mkiniomba. Kiliandikwa kwa wale wawili, kwa maji yale, na aliyewaona.

Dawa hiyo huharibiwa na mwanga, kwa hiyo tulikuwa tunaitia usiku baada ya kuzima taa. Kila siku tunabadilisha maji karibu yote na kutia dawa upya. Maji yaliyotoka yalipitishwa kwanza kwenye mkaa maalum wa chujio unaonasa dawa, ndipo yakamwagwa. Ndoo, glavu, taulo, vyote vya tangi lile tu. Chakula hatukutia hata chembe. Hili lilimsumbua sana kijana wangu, alikuwa anataka kumpa Mkubwa kamba "apate nguvu". Nikamweleza kwamba tumbo lililolegea haliwezi kusaga, chakula kitaozea ndani. Mama zangu, mtoto wako akiwa na homa kali na amekataa wali, usimlazimishe kwa kijiko. Muhimu ni maji, kidogo kidogo. Njaa itarudi na afya.

Siku ya nne nilitoka zamu ya usiku. Nilipofungua mlango wa jikoni nilijua kwa harufu kabla ya kuwasha taa. Mkubwa alikuwa ameyeyuka upande mmoja, vipande vinaelea. Sikuvua hata koti. Tulimtoa, tukamwaga maji yote, tukaosha tangi, tukamhamishia Mdogo kwenye maji mapya yaliyokuwa tayari pembeni. Ilikuwa saa mbili kasoro, na watoto walikuwa wanaamka.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kijana aliuliza, "Mkubwa yuko wapi?" Nikasema, "Amekufa." Neno hilohilo. Sikusema amelala, sikusema amesafiri. Kazini nimeshuhudia watoto walioambiwa "babu amelala" wakawa wanaogopa kulala wiki nzima. Nimeshuhudia walioambiwa "amesafiri" wakawa wanasubiri. Neno la kweli linauma, lakini mtoto anaweza kusimama juu yake. Akalia. Akauliza kama dawa ya kazini kwangu ingemwokoa. Nikamwambia dawa ya daktari ilikuwa ileile, na Mkubwa alikuwa ameumwa sana kabla hajafika kwetu. Akafikiri, akauliza swali lililonimaliza: "Alitaka kurudi Kenya?"

Nilimwambia sijui kama anemoni wanatamani kitu. Mimi ndiye ninayetamani. Tukamzika chini ya waridi la uani, baridi inatukata masikio, na dadake wa miaka mitatu akamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa kuwa ndio anaoujua.

Mdogo tukaendelea naye. Siku ya tano, chati: mdomo nusu wazi. Siku ya sita, mdomo umefumba saa sita mfululizo. Siku ya saba usiku baba watoto alinitumia ujumbe nikiwa kazini, maneno mawili tu: "Ameshika jiwe." Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda cha mgonjwa, bibi wa miaka themanini, akaniona natabasamu akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Kuanzia siku hiyo kila zamu alikuwa ananiuliza hali ya Mdogo kabla hata hajaniambia yake.

Dozi tulimaliza yote kama ilivyoandikwa, hata baada ya kumwona amechangamka. Wiki ya tatu ndipo tulipompa chakula cha kwanza, kipande cha kamba kidogo kuliko punje ya mchele. Alikikunja kwa minyiri, akakipeleka mdomoni, kijana wangu akapiga kelele majirani wakasikia. Rangi ilichukua miezi. Leo ni kahawia, ncha za minyiri zimevimba kama vibofu vidogo, anakaa tangi kubwa kwenye pembe aliyoichagua mwenyewe.

Kuna mwenzake mmoja maarufu katika historia ya nchi hii. Mwaka 1828 mtaalamu wa Uskoti, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni kutoka mwambani North Berwick akamweka kwenye chupa ya kioo. Watu wakamwita Bibi. Dalyell alifariki mwaka 1851, Bibi akakabidhiwa walezi wengine mmoja baada ya mwingine, akaendelea kuishi mpaka mwaka 1887. Karibu miaka sitini, kwenye chupa, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu wa kumbadilishia maji. Nilipomsimulia kijana wangu alipiga hesabu kwa vidole: Mdogo anaweza kuwa hai yeye akiwa mzee kuliko babake. Tangu hapo joto la maji analisoma yeye kila asubuhi kabla ya shule.

Sasa yale ya kubeba nyumbani.

Kwanza, antibayotiki. Mafua na kikohozi vingi vya watoto ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Dawa iliyobaki ya mtoto wa kwanza si ya mtoto wa pili, na ya jirani si yako. Ukiandikiwa, uliza ni ya nini, kipimo gani, siku ngapi, kisha fuata hivyo hivyo. Nikiweza kumpeleka anemoni kwa daktari ndani ya ndoo, nawe unaweza kumpeleka mtoto kliniki kabla ya kwenda duka la dawa.

Pili, chati. Mtoto akiumwa, shika daftari. Joto na saa, amekunywa nini, amekojoa mara ngapi, amepewa dawa gani saa ngapi. Daktari atakupenda. Lakini dalili za hatari hazisubiri daftari: anapumua kwa shida, ana degedege, hanywi kabisa, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri. Hapo ni hospitali, mara moja.

Tatu, kwa wenye tangi la maji ya chumvi na watoto wadogo. Anemoni huchoma, kwa hiyo mkono wa mtoto hauingii. Hatari zaidi ni aina fulani za matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, kwani baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini. Mwaka 2018 kijijini Steventon, Oxfordshire, familia nzima na wahudumu wa dharura waliokuja kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya sumu hiyo kusambaa hewani wakati tangi linasafishwa. Usichemshe mawe ya tangi, usiyasugue kwa brashi yakiwa makavu, vaa glavu na miwani, na mikono ioshwe kila mara. Nyaya za umeme zikae juu, zisifikiwe na maji wala na mtoto.

Nne, ukitaka anemoni, tafuta aliyezaliwa tangini. Aina ya Mdogo hujigawa yenyewe mara mbili, na wafugaji hupeana vipande. Sisi tumeamua hatutanunua tena aliyetolewa baharini. Mama yangu alipoambiwa alisema, "Vizuri. Muwaachie pweza wetu jirani zao."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, Sehemu ya 15: mtoto anayekataa kunyonya akirudi kutoka kwa yaya. Andaeni maswali yenu. Usiku mwema, na yule mwenye mtoto mgonjwa leo, nakuombea alfajiri njema.